Jukwaa la Chapachapa

Jina la Chapachapa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi wenzake wa kampuni ya bima, ghorofa ya tatu, enzi za taipureta, kwa sababu mlio wa mashine yake ulisikika mpaka kwenye ngazi. Mtu akiuliza barua yake imefikia wapi, alijibiwa, "Nenda kwa yule dada chapachapa, atakuwa ameshamaliza zamani." Taipureta zikaondoka, zikaja kompyuta, jina likabaki. Kisha kampuni yenyewe ikamezwa na kampuni kubwa zaidi, wafanyakazi wakapewa asubuhi moja ya kukusanya vilivyo vyao, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Jina likabaki hata hapo, ingawa wa kuliita walikuwa wamepungua.

Siku hizi alifanyia kazi nyumbani, chumbani kwake, kwenye meza iliyowahi kuwa ya cherehani. Ilikuwa imesogezwa dirishani ili apate mwanga, na chini yake mguu ulikuwa bado unatafuta pedeli isiyokuwepo. Wateja wake hakuwahi kuwaona ana kwa ana. Mmoja alikuwa msanifu majengo, mwingine muuza vitabu, wote wakiishi mbali. Yeye aliwapangia miadi, akawajibia barua pepe, akawakatia tiketi za ndege, na kumkumbusha msanifu majengo siku ya kuzaliwa ya mkewe kabla mambo hayajaharibika. Binti yake alimwambia kwamba kazi hiyo ina jina lake, inaitwa msaidizi pepe. Chapachapa alilikubali jina hilo kama mtu anavyokubali viatu vya kuazima.

Siku moja msanifu majengo alimwandikia hivi: rafiki yangu anatafuta mtu wa kazi kama yako, nitumie anwani ya tovuti yako nimpe.

Chapachapa akaisoma sentensi ile, akainuka, akaenda jikoni kuinjika chai ambayo hakuwa na hamu nayo. Tovuti hakuwa nayo.

Binti yake alifanya kazi kwenye duka la nguo, yeye ndiye aliyevalisha sanamu na kupanga dirisha la mbele. Aliporudi jioni na kuelezwa, alicheka.

"Mama, na hilo nalo la kukukosesha raha? Kuna jukwaa moja, unaburuta vitu kwa kidole, unaviacha unapopenda. Kama mimi na dirisha langu la duka."

Wakakaa pamoja mezani. Jukwaa lenyewe, kusema kweli, lilipendeza. Violezo, kurasa za mfano, vilikuwa vingi, kila kimoja kimepambwa kuliko mwenzake. Binti akachagua kimoja chenye rangi ya majani makavu. Juu kabisa alikaa mwanamke mwenye meno meupe, kikombe mkononi, akiichekea kompyuta.

"Huyu ni nani?" Chapachapa aliuliza.

"Si mtu, Mama. Yaani ni mtu, lakini ni wa mapambo. Tutamtoa tukuweke wewe."

"Mimi siichekei kompyuta."

"Utajifunza."

Wakashuka chini. Kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa Wateja Wanasema Nini, na ndani yake mwanamume wa ndevu zilizochongwa vizuri akisema mambo marefu kwa lugha isiyozungumzwa na watu wowote.

"Hapo panakaa maneno ya waliofanya kazi na wewe," binti alieleza. "Kwa sasa tubuni tu, baadaye tutabadilisha."

"Tubuni?"

"Kila mtu anabuni, Mama."

"Mwanangu, mimi nimekaa na mihuri ya kampuni nzima kwenye droo yangu na sijawahi kubuni hata tarehe."

Basi wakaomba maneno ya kweli. Muuza vitabu alijibu, "Yuko sawa." Msanifu majengo alituma kidole gumba kilichosimama. Binti alijaribu kukiweka kidole kile ndani ya kisanduku, wakakitazama, wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakakitoa. Kisanduku kikabaki kitupu.

Jumapili akaja shemeji, mume wa mdogo wake Chapachapa. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa utani mwingi, na alipofika kokote alitafuta kwanza mahali pa kuchajia simu. Alipoonyeshwa tovuti ya binti alitikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya.

"Shemeji, umehamia nyumba ya kupanga yenye samani. Siku ukitoka huruhusiwi kubeba hata pazia. Na tazama anwani yako: jina lako dogo mbele, lao kubwa nyuma kama mkia."

"Baba mdogo, si inapendeza?" binti alijitetea.

"Inapendeza, ndiyo. Lakini ukitaka kuiondoa uipeleke kwingine, haitoki. Utaanza upya na herufi ya kwanza."

Maneno yale yalimgusa Chapachapa mahali ambapo shemeji hakupajua. Aliikumbuka ile asubuhi ya mwisho kazini. Aliambiwa achukue vyake tu, mafaili ni mali ya kampuni. Akatoka na katoni moja: chupa ya chai, viatu vya mvua, na ua lililokuwa likiota kwenye kopo dirishani. Alipofika chini barabarani alisimama kumsubiri mwenzake wa uhasibu, na hapo ndipo alipoona mafaili yakiteremshwa na kurushwa ndani ya lori. Barua zake zote. Alizijua kwa rangi ya majalada. Moja lilifunguka hewani, karatasi zikamwagika, na kijana wa lori akazikanyaga akizikusanya. Chapachapa alishika katoni yake akaondoka, na mpaka leo hakujua barua zile ziliishia wapi.

"Nijengee unavyojua wewe," alimwambia shemeji.

Shemeji akamjengea. Mfumo wake haukuwa wa mtu mmoja, alisema. Ulitengenezwa na mafundi wa dunia nzima, unauchukua bure, unakodi tu mahali pa kuuweka, na kila kitu ni chako. Akampa jina lake mwenyewe la anwani, lisilo na mkia. Tatizo lilikuwa upande wa nyuma, pale panapofanyiwa kazi. Palikuwa na vitufe na orodha upande wa kushoto, na kila ukibonyeza kimoja vilizaliwa vingine.

"Shemeji, hapa anakaa rubani?"

"Rubani ni wewe."

"Basi abiria washuke mapema."

Hata hivyo alijifunza. Kila asubuhi kabla wateja wake hawajaamka aliandika kidogo: yeye ni nani, anafanya nini, anapatikana saa ngapi. Alianza kuipenda ile kazi. Ilimrudishia raha fulani ya zamani, ya kuvuta karatasi safi kutoka kwenye mashine na kuitazama kabla ya kuipeleka ndani.

Kisha asubuhi moja mfumo ukamwomba aruhusu usasishaji. Chapachapa, mtu wa adabu, aliombwa akaruhusu. Tovuti ikawa nyeupe. Si rangi tu iliyopotea. Ilikuwa nyeupe pe, hakuna neno, hakuna kitufe, hakuna yeye.

Shemeji alikuwa safarini kikazi, mahali ambapo mtandao ulipatikana ukipanda juu ya kilima. Sauti yake ilikuja kwa vipande.

"Usihofu, shemeji, hakuna kilichopotea. Kuna kiongezi, kile kijiprogramu cha nyongeza, kimegombana na kiongezi kingine."

"Sasa mbona wamekuja kugombania kwangu?"

"Nikirudi nitawapatanisha. Wiki ijayo."

Alikata simu akabaki amekaa mbele ya ule weupe. Rafiki wa msanifu majengo alikuwa bado anasubiri. Na hata shemeji akirudi, alijua, kile kisanduku cha wateja wanasema nini kingekuwa bado kitupu. Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo, alipolitafakari, alishangaa limechelewa wapi. Mtu aliyeijua kazi yake kuliko binadamu yeyote alikuwa Mzee.

Mzee alikuwa mkurugenzi wa kampuni, na Chapachapa alikuwa katibu muhtasi wake mpaka siku Mzee alipostaafu, miaka kadhaa kabla kampuni haijamezwa. Baada ya hapo waliwasiliana kwa simu sikukuu mbili tatu, namba ikabadilika, kimya kikaingia. Hakujua kama yuko hai.

Siku iliyofuata alivaa gauni lake la bluu akaenda mjini, mpaka jengo la zamani. Kampuni haikuwepo lakini alitumaini atakuta mtu. Alimkuta mtu ambaye hakumtarajia. Mlangoni, kwenye kiti, na funguo kiunoni, alikaa tarishi wao wa zamani, ambaye ofisi nzima ilimwita Kiguu kwa sababu alikuwa kiguu na njia kutwa nzima. Sasa alikuwa msimamizi wa jengo na nywele zimekuwa mvi tupu.

"Chapachapa!" alipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. "Ni wewe, au nimeota jua likiwa juu?"

"Ni mimi, kaka. Nawe siku hizi umekaa kitini? Nani alikufunga kamba?"

"Magoti, dada yangu. Magoti ndiyo yaliyonifunga."

Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana huyu na yule, nani amezeeka, nani ametangulia. Kisha Kiguu akainuka, akachagua ufunguo, akasema, "Twende nikuonyeshe ulipokuwa unakaa." Lifti ilikuwa mbovu kama enzi zao. Wakapanda kwa miguu, wakipumzika kila penye kona.

Ghorofa ya tatu palikuwa pamegeuzwa ukumbi wa mazoezi. Kuta za mbao zilizotenganisha vyumba ziliondolewa, vioo vikawekwa kila upande, sakafu ikafunikwa mpira mweusi. Ila karibu na dirisha palibaki ukanda wa sakafu ya zamani, ile ya vijiwe vidogovidogo, na juu yake alama nne za kutu za miguu ya kabati. Chapachapa alizitazama alama zile kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Kabati lile lilikuwa lake. Upande wa kulia palikuwa na simu yenye taa nyekundu, ikiwaka ujue Mzee anaita. Nyuma yake walikaa wahasibu na mashine yao ya kujumlishia iliyokuwa ikikoroma, na siku ya upepo mtu akisahau kufunga dirisha, karatasi ziliruka ukumbi mzima na watu wazima wenye tai waliinama kuzikimbiza kama watoto wanaokimbiza vifaranga. Palinuka wino na dawa ya sakafu. Asubuhi ikishapevuka lilisikika gurudumu moja bovu la kitoroli cha chai likija kwa kulialia, na kila mtu alijidai hajalisikia.

Pale ilipokuwa meza ya Mzee, mwanamume mmoja mwenye misuli alikuwa akinyanyua vyuma na kuguna.

"Hata Mzee alikuwa anaguna hivyohivyo," Kiguu alimnong'oneza, "akisoma ripoti ya madai."

Chapachapa alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yuko wapi, Mzee?"

"Kwa bintiye. Macho yamekwenda, lakini kichwa kizima kuliko chako na changu. Mimi humpitia nikamsomea gazeti. Namsomea vichwa vya habari, yeye anagombana navyo." Akamtazama. "Nenda. Atafurahi mpaka utamwonea huruma."

Nyumba ya binti yake Mzee ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, ya chini, yenye ukuta wa kijani na kamba ya nguo uani. Binti mwenyewe, mama mtu mzima, alimpokea, akamwingiza sebuleni. Mzee alikaa karibu na dirisha, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono juu ya fimbo.

"Baba, umepata mgeni. Katibu wako."

Mzee aligeuza uso. "Chapachapa?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umechelewa," alisema, kisha akacheka.

Chai ikaletwa. Alimweleza habari zake, kazi anayofanya, tovuti, na masaibu ya majukwaa.

"Jukwaa?" Mzee aliuliza. "Unataka kuimba?"

"Hapana, Mzee. Ni mahali pa kujengea tovuti. Kuna moja zuri lakini si langu, na moja langu lakini linanishinda."

"Na hiyo kazi inaitwaje, umesema?"

"Msaidizi pepe."

"Pepe." Alilitafuna neno lile. "Ninakotoka, pepe ni ile punje ya mpunga isiyo na kitu ndani. Unapeta, inapeperuka. Nani amekuita pepe?"

"Ni kama barua pepe, Mzee. Maana yake mtu wa mtandaoni."

"Barua waiite wanavyotaka, barua haina moyo wa kuumia. Wewe ni katibu muhtasi. Ukikaa karibu ni katibu muhtasi, ukikaa mbali ni katibu muhtasi."

Chapachapa akainamisha kichwa kama zamani akisahihishwa, akiwa na furaha ambayo hakuitegemea. Kisha akaeleza kilichomleta: maneno machache tu, mawili matatu, ya kuweka kwenye ukurasa. Alitoa simu ayarekodi.

"Hiyo nini?"

"Simu, Mzee. Itarekodi sauti."

"Weka huko. Una penseli?"

Hakuwa nayo. Binti yake Mzee aliipata kwenye mkebe jikoni, na badala ya karatasi akabandua ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita. Mzee akasimama. Alishika fimbo nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, akaanza kutembea kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la vyombo na kurudi, taratibu, akihesabu nafasi kwa unyayo. Chapachapa aliweka kalenda juu ya goti. Hakuwa ameandika hatimkato tangu alipotoka kazini. Penseli ilipogusa karatasi, mkono ulisita, kisha vijimkia na vipinde vikaanza kuja vyenyewe, vingine vimepinda, vingine akivibuni hapohapo.

"Kwa yeyote anayehusika," Mzee alisema. "Yah: Katibu muhtasi wangu. Pigia mstari."

"Nimepigia."

"Bibi huyu alifanya kazi nami tangu nilipokuwa na nywele. Nukta. Hilo usiandike."

"Nimeshaandika, Mzee."

"Basi liache. Aya mpya. Wengi watakuambia kwamba anachapa haraka. Ni kweli, lakini wanaochapa haraka ni wengi. Mimi nilikuwa mtu wa hasira. Nilipoudhiwa niliandikisha barua za moto, nikaagiza ziende siku hiyohiyo. Hazikwenda. Asubuhi yake nilizikuta mezani, zimechapwa bila kosa hata moja, naye amesimama pembeni ananiuliza, Mzee, hii iende? Nyingine zilikwenda. Nyingi hazikwenda. Kuna meneja wa tawi aliyestaafu kwa heshima zote, na mpaka leo hajui kwamba nilimfukuza kazi mara mbili."

Penseli ikasimama. Mzee hakuona, akaendelea kutembea.

"Aya mpya. Siku ya kuniaga, watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakausifu uvumilivu wangu. Nilitaka kuwasahihisha, nikaona haya, maana mke wangu alikaa mbele ananitazama, naye alikuwa anaujua ukweli. Uvumilivu ule haukuwa wangu. Ulikuwa ndani ya droo ya katibu wangu. Nukta." Akasimama. "Nisomee ulipofikia."

Chapachapa alikunywa kwanza chai iliyopoa. Kisha akasoma mpaka mwisho, na Mzee akitikisa kichwa kila penye nukta.

"Sikujua kama unajua, Mzee," alisema. "Nilidhani unafikiri zimechelewa kuchapwa."

"Wewe uchelewe kuchapa?" Mzee alisema, akitafuta kiti chake kwa mkono. "Nani angeamini hilo?"

Jioni ile, mwanga wa dirishani ukiwa bado unatosha, aliichapa barua yote. Palipomshinda kusoma vijimkia vyake mwenyewe alifumba macho akaisikia sauti. Binti alipotoka kazini alifungua lile jukwaa lake la kuburuta na kubandika barua kwenye kisanduku. Kisanduku kikameza mistari mitatu, kikaweka nukta nukta, kikagoma.

"Ni ndefu mno, Mama. Hapa wanataka maneno machache. Tuweke tu 'Ulikuwa ndani ya droo ya katibu wangu.'"

"Mtu ataelewa nini hapo? Atadhani niliiba."

"Basi tufupishe. Siku hizi nani anasoma barua nzima?"

"Soma wewe kwanza."

Binti akasoma. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani, akasoma tena. "Ndiyo maana," alisema mwishowe, "kila nikitaka kumwandikia bosi wangu ujumbe wa hasira, unaniambia kwanza nile."

"Na ukishakula unamwandikia?"

"Simwandikii." Akamgeukia mama yake. "Isifupishwe, Mama. Hata hilo la nywele."

Shemeji aliporudi kutoka kilimani kwake, aliwapatanisha wale viongezi waliogombana na tovuti ikafufuka. Alitegemea kushukuriwa. Alishukuriwa, akaandaliwa chakula, kisha Chapachapa akamweka mbele ya kompyuta.

"Shemeji, mfumo wako naupenda. Unapokea maandishi marefu, anwani ni yangu. Lakini sitaki kuwa mlinzi wake. Kazi yangu ni kulinda muda wa watu wengine. Nikianza kulinda viongezi nitakula nini?"

Shemeji alikuna kidevu. Alionekana kama mtu anayelazimishwa kutaja duka la mpinzani wake. "Kuna njia moja. Mfumo ni huuhuu, ila unakaa kwa watu wanaoutunza wenyewe. Usasishaji ni juu yao, ikiwa nyeupe ni juu yao. Utawalipa kidogo zaidi, na kuna viongezi ambavyo hawatakuruhusu uweke."

"Wale wagomvi?"

"Haohao."

"Wakae nje. Sasa niambie jambo moja tu. Siku nikitaka kuhama?"

"Unabonyeza hapa, unabeba kurasa zako zote."

"Nionyeshe."

"Shemeji, hujahamia bado unataka kuhama?"

"Nionyeshe kuhama kwanza, ndipo nihamie."

Shemeji akacheka, akafungua akaunti ya majaribio, akaweka ukurasa mmoja, akambonyezea. Faili likashuka kwenye kompyuta. Chapachapa alilifungua mwenyewe. Ndani palijaa alama za ajabu, lakini katikati yake, kama watu unaowajua ndani ya umati, yalikuwepo maneno yake: nukta zake, aya zake, hakuna lililokosekana. Aliyatazama kwa muda. Aliliona lile lori, na kijana anayekanyaga karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile picha hiyo haikumchoma sana.

"Hapa," alisema. "Nahamia hapa."

Yaliyobaki yalikuwa mabishano ya kifamilia. Binti alishinda kwenye rangi, na picha akapiga yeye, mama yake akiwa mezani, hacheki na kompyuta wala hajanuna. Shemeji alishinda kwenye kalenda ya miadi, kwamba iwepo na ijipange yenyewe. Chapachapa alishinda kwenye kichwa cha ukurasa. Alifuta msaidizi pepe, akaandika Katibu Muhtasi, Popote Ulipo. Na chini, mahali pa wateja wanasema nini, akaiweka barua yote kama ilivyotamkwa, na mstari chini ya Yah.

Akamtumia msanifu majengo anwani. Safari hii hakujibu kwa kidole. Aliandika kwamba amemsomea mkewe barua ile, na mkewe anauliza kama Mzee bado yupo. Rafiki yake naye hakukawia. Alikuwa mama mmoja mwenye kliniki ya macho na hasira za karibu, alijieleza mwenyewe hivyo, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kasi ya kuchapa. Aliuliza kama na yeye anaweza kupewa droo.

Siku waliyokubaliana kuanza kazi, Chapachapa alipiga simu nyumba ya ukuta wa kijani. Binti yake Mzee akampa babake simu. Alimsomea kilichoandikwa kwenye ukurasa, kuanzia juu mpaka chini, na Mzee akasikiliza bila kuingilia.

"Baada ya 'nikaona haya' umeweka mkato?"

"Nimeweka, Mzee."

"Rudia ile aya ya pili."

Akairudia. Upande wa pili kulisikika redio ya jirani na vyombo vikioshwa. Chapachapa hakumharakisha Mzee. Alikuwa amewahi kusubiri hivyo mara nyingi, akiwa amesimama pembeni ya meza, mpaka mtu mwingine amalize kufikiri.

"Tulikuwa tunafanya kazi nzuri pale," Mzee alisema.

"Ndiyo, Mzee. Tulikuwa tunafanya."

Mzee akakata simu bila kuaga, kama alivyokuwa akifanya ofisini. Chapachapa akabaki ameishika ile simu, akitabasamu dirishani. Uani jirani alikuwa akianika mashuka, yanavimba kwa upepo na kutulia. Kisha kompyuta ikalia: daktari wa macho alikuwa ameandika ujumbe mrefu wa herufi kubwa kwa fundi aliyemharibia mashine, anataka uende sasa hivi. Chapachapa akavuta kiti, akausoma wote, akasahihisha herufi mbili, akauweka kando mpaka kesho asubuhi.